Mvinyo wa Krismasi usile ada ya Januari

Kila Desemba chupa za mvinyo huhamia karibu na mlango wa duka. Zinafungwa utepe, zinapangwa pamoja na makopo ya biskuti, na mzazi aliyeingia kununua mchele na mafuta anajikuta amesimama mbele yake akijiuliza achukue ipi. Wengi huchagua kwa bei, wakiamini kwamba ya ghali ndiyo nzuri. Wengine huchagua lebo yenye jina gumu kutamka. Mara nyingi njia zote mbili humfurahisha mwenye duka kuliko mgeni.

Familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, inaijua hasara hiyo. Krismasi iliyopita mume na mke walitarajia ndugu wa pande zote mbili, wakanunua chupa sita za mvinyo mwekundu kutoka nje, usio na sukari, wa bei ya juu. Wageni walionja wakakunja uso. Mmoja aliongeza soda kwenye glasi. Mwingine aliuliza kama hakuna "ile tamu". Kesho yake chupa nne zilikuwa zimefunguliwa na hazijafika nusu. Wiki mbili baadaye zikamwagwa kwenye sinki. Januari ilipofika, sare za mtoto aliyeanza darasa la kwanza zilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba.

Mwaka huu mama alitoa daftari mapema. "Baba watoto, tuanze na watu, chupa baadaye," alimwambia mumewe.

Wakaandika watu wazima 14. Bibi ameshauriwa na daktari asitumie pombe kwa sababu ya dawa zake. Wifi ni mjamzito, na kwa mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama. Mashemeji wawili wameokoka. Mke wa kaka ni Mwislamu. Mdogo wake baba yuko mwaka wa pili tangu aache pombe. Wawili wataendesha magari kurudi nyumbani. Waliobaki ni sita.

Chupa ya kawaida ina mililita 750, yaani glasi tano za mililita 150. Watu sita wakinywa glasi mbili kila mmoja ni glasi 12, na chupa tatu zinatosha na kubaki. Kwa hesabu hiyo tu, nusu ya manunuzi ya mwaka jana ilifutwa kabla hata hawajajadili bei.

Likafuata suala la ladha. Neno "dry" kwenye lebo lina maana kwamba sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kilevi, hivyo kinywaji ni kikali mdomoni. "Sweet" ni mtamu, na "semi-sweet" uko katikati. Asiyezoea mvinyo mara nyingi hufurahia ule wa katikati, na chupa inayonyweka hadi mwisho ndiyo yenye thamani. Mwekundu usio na sukari unakaa vizuri na nyama choma yenye mafuta. Mweupe uliopoa unafaa samaki, kuku na hata pilau, kwa sababu uchachu wake unapunguza uzito wa mafuta na viungo. Familia hii ilikubaliana chupa mbili za mweupe wa utamu wa kati na moja ya mwekundu.

Ndipo wakatazama bei, na hapo Dodoma ikapata nafasi yake. Anayenunua chupa kutoka nje analipia pia meli, kodi na faida ya kila aliyeigusa njiani. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini ni mdogo kuliko ule wa mvinyo mwingine. Kwa hiyo kwa chupa ya Dodoma, sehemu kubwa zaidi ya fedha inakwenda kwenye kinywaji chenyewe. Zabibu za huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, na miongoni mwa aina zinazolimwa zipo Chenin Blanc kwa mweupe, na Syrah na Makutupora kwa mwekundu. Hiyo haina maana kwamba kila chupa ya nyumbani ni nzuri. Njia ya uhakika ni kununua moja mapema, kuionja na chakula, kisha kurudi dukani kwa zilizobaki.

Bei ndogo nayo ina mtego wake. Baadhi ya chupa zinazouzwa rahisi zimeongezewa pombe kali na kufika asilimia 18, wakati mvinyo wa kawaida uko karibu na asilimia 12. Chupa mbili za ukubwa mmoja, moja ya 12 na nyingine ya 18, hazilingani: ya pili ina kilevi mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Mgeni akinywa glasi zilezile mbili ni kama amekunywa tatu. Namba hiyo imeandikwa kwenye lebo, mara nyingi kwa herufi ndogo, na inastahili kusomwa kabla ya bei.

Dukani kuna mengine ya kuangalia. Chupa iliyosimama dirishani ikipigwa jua imeshaharibiwa na joto, hata kama imepunguzwa bei. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni; kinaziba vizuri na hakihitaji kifaa cha kufungulia. Stempu ya kielektroniki ya TRA nayo iwepo na isiwe imechanika, kwa sababu msimu wa sikukuu ndio msimu wa wauza bidhaa bandia.

Nyumbani, mweupe uwekwe kwenye friji saa kadhaa kabla. Mwekundu nao, kwa joto la Dar es Salaam la Desemba, unahitaji nusu saa ya friji; ukiachwa mezani tu unanukia pombe kuliko zabibu. Ifunguliwe chupa moja kwa wakati. Iliyobaki ikifungwa vizuri na kurudishwa kwenye friji hukaa siku tatu hadi tano.

Jambo ambalo familia nyingi husahau ni glasi zilizoachwa mezani. Watoto hupita wakimalizia mabaki, wengine wakidhani ni juisi. Kwa mtoto mdogo, kilevi kidogo kinaweza kushusha sukari ya damu kwa kiwango cha hatari. Mtu mmoja apewe kazi ya kukusanya glasi kila zinapoachwa, na chupa zikae jikoni juu, mbali na meza ya watoto.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kwa mzazi anayeamua kuweka mvinyo mezani, hiyo ni sababu ya kununua kidogo na kutomsukuma mtu yeyote. Ndiyo maana pale Tabata sehemu ya fedha iliyookolewa imetengwa kwa ubuyu na rosela, itakayotiwa kwenye glasi zilezile ndefu. Yule mdogo wake baba atashika glasi kama wengine, na hakuna atakayemuuliza kwa nini hanywi. Fedha iliyobaki imeingia kwenye bahasha ya ada.