Bati la Mama

Upepo wa kusi ulipokuwa ukivuma Paje, mlango wa nyumba yetu ulipigapiga usiku kucha hata ukiwa umetiwa komeo. Tuliishi na sauti hiyo tangu Mei mpaka Agosti. Septemba ikiingia, upepo ulilegea kidogo kidogo, mawimbi ya mwambani yakapungua ukali, na maji ya ndani yakatakata mpaka unamwona taa alivyojilaza mchangani. Hapo wazee walisema demani imeingia, na kila mtu kijijini akajua kazi iliyo mbele yake.

Nazungumzia mwaka 1990, nilipokuwa msichana wa darasa la tano, pamoja na miaka michache ya kabla na baada yake. Paje ipo mashariki ya Unguja, inatazama bahari kuu. Mbele ya kijiji kuna mwamba mrefu unaovunja mawimbi, na baina ya mwamba na ufuo kuna uwanda ambao maji yakipwa hubaki mchanga, majani na vidimbwi. Nyuma ya kijiji ni maweni, ambako mkulima huhangaika kutafuta udongo baina ya jiwe na jiwe apate pa kuchomeka kipande cha muhogo. Mikarafuu na mabonde ya mpunga yalikuwa ya wenzetu wa upande mwingine. Sisi tulikuwa na minazi na bahari.

Demani ilikuwa miezi ya baba. Wakati wa kusi alibaki ndani ya mwamba na madema yake, akirudi na changu wadogo na pono wawili watatu. Bahari ikitulia, ngalawa ilipita mlango wa mwamba alfajiri na kurudi jioni na kolekole, na siku ya bahati nguru mzima. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo iliyomtaka nchi kavu. Msitu wa maweni ulikuwa lazima ufyekwe, majani yakauke, yachomwe, na muhogo, mtama na kunde viwemo ardhini kabla ya mvua ya vuli ya Oktoba. Tena kulikuwa na mapaa.

Mtu aliyekulia chini ya makuti ndiye anayejua demani ilivyokuwa na kazi. Upepo wa kusi ulikuwa umeshayachambua makuti miezi minne, na vuli ilikuwa njiani. Kila mwaka upande mmoja wa paa letu ulihitaji kuezekwa upya. Bibi, mama yake baba, alikaa chini ya mkungu kuanzia asubuhi akishona makuti ya viungo, jani moja baada ya jingine likikunjwa juu ya ufito na kushonwa. Sisi watoto tuliloweka majani na kumsogezea. Baba na wajomba walipanda juu kufunga kwa kamba za usumba, na kamba hizo nazo alizisokota bibi mwenyewe. Makumbi ya nazi aliyafukia mashimoni kule chini, mahali ambapo maji huja na kuondoka, akayawekea mawe juu, akayaacha miezi mpaka yakaoza. Siku ya kuyafukua harufu ilishika nguo na nywele, hata chakula cha mchana ulikila ukiinusa. Kisha yalipigwa kwa rungu juu ya jiwe mpaka usumba ukabaki peke yake, mweupe na mkavu. Nyumba nzima ilishikwa na mikono ya bibi kwa namna hiyo, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kulisema jambo hilo kwa sauti.

Mpango wa siku zetu ulifuata mwezi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bamvu lilikuja, na kwetu bamvu maana yake maji hupwa kabisa kama saa nne za asubuhi na kujaa saa kumi. Bamvu la Septemba na Oktoba ni kubwa kuliko mengi ya mwaka, na uwanda ulikauka karibu mpaka mwambani. Wanawake wote walishuka. Wengine walikwenda na mchokoo kutafuta pweza, wengine wakaokota chaza na kombe, wengine wakawa watatu wanne na kitambaa kirefu wakikokota dagaa. Yakija maji mafu, watu walirudi kwenye usumba, kuni na shamba. Skuli haikufuata mwezi, kwa hiyo siku za bamvu madawati ya wasichana yalikuwa na nafasi. Mwalimu wetu alijua sababu. Alituandikia ubaoni hesabu za jana kabla ya kuanza za leo, na mpaka leo namwombea dua kwa hilo.

Mwani ulikuja katikati ya maisha hayo. Wazee walikuwa wakiokota mwani wa mwituni na kuuza tangu zamani, na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshaufanyia utafiti kwa miaka mingi, akieleza kwamba pwani zetu zinafaa kuulima. Mwaka 1989 mashamba ya biashara yakaanza Paje na kwa jirani zetu wa Jambiani, kwa mbegu ambayo asili yake ni Ufilipino. Mwani mkavu ulipelekwa ng'ambo, huko wakatoa karajinani, kitu kinachogandisha maziwa, dawa ya meno na vyakula vingi. Mama hakuelezwa hayo. Aliambiwa unapimwa kwa kilo na malipo ni pesa taslimu, basi.

Shangazi ndiye aliyetangulia. Mama akaomba ruhusa, na baba akakataa. Alisema mwanamke wake hatashinda majini na maji ya kiuno kwa ajili ya majani. Wavuvi wengi walisema vivyo hivyo, na wengine walilalamika kwamba vigingi vitaharibu njia za ngalawa. Mama hakubishana. Alingoja, na wakati shangazi alipoleta nyumbani kwetu kilo mbili za mchele na kipande cha sabuni, akavipokea mbele ya baba na kuviweka mkekani bila neno. Siku ya pili baba alikwenda mwenyewe kumkatia vigingi.

Demani ya 1990 shamba la mama lilikuwa limeshakua. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vigingi hupigwa mchangani kwa safu, kamba ya nailoni ikavutwa kutoka kigingi hadi kigingi, na juu ya kamba vikafungwa vipande vya mbegu kwa vikamba vyembamba, kipande kimoja baada ya kingine, mamia kwa mamia. Kufunga kulifanywa nyumbani ili kuokoa saa za maji kupwa, na ndipo bibi alipoacha usumba. Vidole vilivyosokota kamba miaka yote vilijifunza fundo jipya kwa siku moja, na hakuna aliyemfikia kwa wepesi. Mimi nilikaa ubavuni mwake na ndoo ya maji ya bahari, nikilowesha mbegu isikauke.

Baada ya wiki kama sita mwani huwa umeshiba. Mama aliubandua, akabakisha wa mbegu, mwingine akautia kwenye magunia. Gunia la mwani mbichi ni zito ajabu, na linatoka maji. Aliliweka kichwani akatembea nalo uwanda mzima, maji ya chumvi yakimshuka usoni na mgongoni, na nyuma yake nilifuata mimi na kigunia changu. Macho yalimwuma usiku. Ngozi ya vidole ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena. Niliona pia samaki tasi wakija kundi zima kula machipukizi, na mama akiwafukuza kwa mikono kama anafukuza kuku kwenye mpunga. Hata hivyo demani ilikuwa ndiyo miezi bora: upepo wa kusi haupo kukata kamba, na maji hayajapata joto la Januari. Aliyetaka kuvuna vizuri alivuna wakati huo.

Adui alikuwa vuli. Mwani hukaushwa ufuoni juu ya makuti, na unataka jua la siku mbili tatu. Ukinyeshewa maji ya mvua, chumvi inaondoka, rangi inapauka, unateleza kama ute, na mnunuzi haupokei. Kwetu mvua ilitoka baharini. Uliiona inakuja, nyeusi, ikifunika mwamba kwanza. Mtu wa kwanza kuiona alipiga ukelele, na kijiji kizima kikamiminika ufuoni: wazee, watoto wa chuoni na juzuu zao, na wavuvi walioucheka mwani mwaka uliopita. Kila mtu alikusanya alioufikia kwanza bila kuuliza wa nani. Kisha mvua ikipita wanawake walikaa kugawana kwa makadirio, na sikuwahi kuona ugomvi katika kugawana huko.

Usiku mmoja wa Novemba mvua haikuonekana na mtu. Tuliamka inanyesha tayari. Mama alitoka na kanga moja, baba akamfuata na kandili, nami nikabeba turubai la ngalawa. Mavuno ya bamvu zima yalikuwa yameshaloa. Baba alilishika gunia lililojaa ute, akasimama nalo mvuani muda mrefu, halafu akamwambia mama, "Pole, mke wangu. Nimeona kazi yako." Mama alijibu kwamba mbegu ipo. Asubuhi maji yalipopwa alikuwa shambani.

Mnunuzi alikuwa na ghala na mizani. Kamba na vikamba alivitoa yeye, na kwa hiyo kila mkulima alilazimika kumwuzia yeye, kwa bei anayotaja yeye. Wanawake walipanga foleni na viroba, sindano ya mizani ikacheza, na pesa zikahesabiwa haraka. Bei ilikuwa ndogo kwa kazi ile. Niliona hivyo nikiwa mtoto, na sasa nina hakika zaidi. Lakini ilikuwa pesa iliyoingia mkononi mwa mama mwenyewe, na katika nyumba yetu jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea. Alinunua daftari zetu na sare. Alilipa deni la dukani. Kilichobaki alikifunga pembeni mwa kanga, na kila alipokwenda mjini alirudi na bati: moja, siku nyingine mawili, yamefungwa juu ya gari la abiria. Yalisimamishwa nyuma ya nyumba, na bibi akayafunika makuti yasije yakashika kutu, makuti aliyoyashona kwa ajili ya paa.

Paa liliezekwa mwishoni mwa demani ya mwaka uliofuata. Fundi alikuwa mtu wa kijijini. Mama alimlipa mwenyewe, mbele yetu, na akanunua saruji ya vyumba viwili vya nyuma. Mvua ya kwanza ya vuli iligonga juu ya bati kwa kishindo hata hatukusikiana, na baba alicheka kwa furaha, akipita chumba hadi chumba kutafuta panapovuja. Bibi hakuweza kulala. Alisema joto limezidi na kelele zimezidi, na kweli bati lina joto. Lakini demani zilizofuata hakushona tena makuti isipokuwa ya jiko, na mchana alikuwa akilala.

Miaka ilikwenda. Aina ya mwani yenye bei nzuri ilianza kufa maji yalipopata joto, ikabaki ile ya bei ya chini. Hoteli zikajengwa ufuoni, na wanawake wengi wakaacha. Mama aliendelea mpaka mgongo ulipomkatalia. Baba alifariki uzeeni, Mungu amrehemu, na baada ya siku za msiba ndugu zangu walikaa na sheikh kugawa mirathi.

Nyumba iliandikwa kuwa ni ya marehemu. Hakuna aliyekusudia dhuluma. Ndivyo watu walivyozoea kuita, nyumba ya fulani. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, na mama alikuwa apewe thumuni ya bati alilolinunua mwenyewe. Alinyamaza. Mimi sikuweza. Nilimwomba sheikh ruhusa, nikasema niliyoyaona: gunia kichwani, mizani, pesa pembeni mwa kanga, bati juu ya gari, fundi akilipwa. Sheikh akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwamba mahakamani ushahidi wa mtoto kwa mzazi wake haukubaliwi, lakini hapa warithi wenyewe wakikiri, mali ya mama hutolewa kwanza na urithi hugawanywa katika kinachobaki.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyevunja kimya. Alisema yeye ndiye aliyeshika kopo la misumari siku ile, na misumari ilipopungua mama alimpa noti aende dukani, na noti ilikuwa imelowa chumvi mpaka mwenye duka akaikataa kwanza. Wadogo zake wakakiri baada yake. Paa na vyumba viwili vya nyuma vikaandikwa kuwa ni mali ya mama, na hesabu ikaanza upya.

Mama aliitwa kuambiwa. Alimshukuru sheikh, akaketi, kisha akawauliza wanawe ni nani kati yao atakayemleta fundi wiki hii, kwa sababu vuli imekaribia na bati la upande wa jiko linavuja.