Simu Ofisini: Wastani Ulivyonidanganya

Leo nakiri kosa. Nilipewa kazi ya kupanga simu zisizo na waya katika jengo moja la ofisi hapa Nairobi, lenye wafanyakazi 200. Nikapiga hesabu ya haraka: saa nne asubuhi, simu zinapokuwa nyingi zaidi, kila mtu huongea dakika 3. Jumla dakika 600 kwa saa, yaani simu 10 kwa wakati mmoja. Nikaweka njia 10. Mteja akaipenda bei.

Jumatatu saa nne akanipigia kwa rununu yake: "Kijana, wateja wangu hawanipati!" Karibu simu moja kati ya tano ilikuwa ikikwama. Kumbe watu hawapigi simu kwa zamu. Hupiga kwa pamoja, kisha kimya.

Agner Erlang wa Denmark alishalieleza jambo hili mwaka 1917. Kwa fomula yake, mzigo wangu ulihitaji njia 18 ili zisikwame zaidi ya simu moja kwa mia. Nilifundishwa chuoni, nikafaulu mtihani, nikasahau.

Njia 8 za ziada nilizilipia mwenyewe. Wewe ukipanga, usiulize tu wangapi huongea. Uliza wangapi watakwama.