Mali Bila Daftari

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha kila mwaka hapa Jinja, lakini ilituingia barabara siku tuliposoma kisa cha kanda za Carnegie Hall.

Mwaka 1957 John Coltrane, mpiga saksafoni, aliachishwa kazi katika bendi ya Miles Davis. Akaenda kwa mpiga piano Thelonious Monk, akawa mwanafunzi wake. Walipiga jazi pamoja mjini New York kwa miezi michache tu. Usiku wa tarehe 29 Novemba walipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, na Sauti ya Amerika ikawanasa. Kisha kanda zile zikasahauliwa. Coltrane alifariki mwaka 1967, Monk mwaka 1982. Ndipo mwaka 2005 Larry Appelbaum, mtumishi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, alipozikuta miongoni mwa kanda za zamani. Kasha moja lilikuwa na jina la Monk. Jina la Coltrane halikuwapo. Bwana yule alimtambua kwa mlio wa saksafoni yake.

Nasi tunayo yetu iliyopotea. Tulipokuwa tukisomea stashahada ya ualimu, tulikwenda kwetu Mbale kumwamkia mzee aliyetufundisha Kiswahili tangu utotoni. Jioni ile tulimnasa kwenye kaseti: yeye akitega vitendawili, sisi tukitegua, na tuliposhindwa akitudai mji. Hatukuandika kitu juu yake. Nani angeisahau sauti ya mwalimu wake?

Mzee amekwisha kufariki. Watoto wake wametuomba sauti yake, kwa kuwa wao hawana hata neno moja. Kasha letu la Mbale lina kaseti 43, zote hazina jina. Kila likizo twapanda gari kutoka Jinja, tukae chini tusikilize. Tumekwisha sikiliza 17: nyimbo za arusi, taarifa ya habari, matangazo ya mpira. Mzee bado.

Walimu wenzetu, kila kaseti tunayoimaliza sasa twaiandika: nani anasema, wapi, mwaka gani. Zimebaki 26. Twaomba tu asiwe amefutwa na mpira.