Mwongo Haonekani Machoni

Hapa Uingereza ukiinamisha macho unapohojiwa, umeshajiharibia. Iwe ni kazi au kibali cha kuishi, anayeuliza anataka umtazame usoni, na usipomtazama anaona una jambo unalificha. Kwetu Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mkubwa husalimiwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, macho chini. Kijana anayemkazia macho mzee huonekana hana adabu, na maneno yake hupungua uzito kabla hayajasikilizwa.

Utafiti wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa imani iliyoenea kuliko zote kuhusu mwongo ni kwamba hukwepesha macho. Mwaka huohuo Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti zilizotangulia, wakakuta kwamba mtu akimtazama na kumsikiliza mwenzake tu, hupatia kama anasema kweli au uongo kwa wastani mara 54 katika 100. Kurusha shilingi kungempa 50. Na kwa kipimo hicho watu wanafungiwa milango!

Mimi naamini zaidi namna wazee wanavyosuluhisha ugomvi wa mashamba vijijini, huko nje kidogo ya Sumbawanga. Hawamtazami mtu usoni. Wanakwenda naye shambani.

"Mwanangu, ntumba hizi ulifukia majani lini?"

"Mwaka ule nilipofungua shamba, mzee. Na ulezi nikavuna mwaka huohuo."

Hapo majirani wanaguna. Ntumba, yale matuta ya kufukia nyasi, hutengenezwa mvua zikielekea kuisha, na hupandwa maharage kwanza. Ulezi husubiri msimu unaofuata, matuta yakishavunjwa. Aliyelima kweli hawezi kukosea hapo. Kisha anaulizwa nani alimsaidia kulima, na huyo naye anaitwa.

Lakini hata sisi hatuko salama na hukumu zisizo na ushahidi. Miaka ya 1960 kamchape walipita Ufipa wakitafuta wachawi, na hadi leo ramli chonganishi inavunja koo na kufukuza watu makwao. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni jikoni. Hakuna aliyewauliza swali hata moja linaloweza kuhakikishwa.

Kwa hiyo ndugu unayekwenda kuhojiwa huku, peleka tarehe, majina ya majirani, bei uliyolipa, basi ulilopanda. Na wewe unayehoji, uliza hayo, kisha uyafuatilie.