Mwanga wa Uwanja na Mwanga wa Meza

Wadogo zetu wapendwa wa parokia, barua yenu kutoka Bukavu imetufikia, nayo ina ombi moja: tuwachangie taa nane za kumulika uwanja wa basketi, ili mpate kucheza baada ya jua kuzama. Sisi watatu tunaosoma huku Ubelgiji hujipatia fedha za matumizi kwa kufanya kazi jioni katika klabu ya padeli. Twafagia mchanga wa zulia, twauza vinywaji, na usiku twazima taa. Jambo mliloliuliza twaliona kila siku.

Mchezo wa padeli ulianzishwa na Enrique Corcuera huko Acapulco, Meksiko, mwaka 1969. Huchezwa na watu wanne wenye raketi zisizo na nyuzi, ndani ya kizimba cha vioo na nyavu chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Mpira hupaa juu, na mchezaji huufuata kwa macho. Taa ikiwekwa vibaya humpofusha, na vioo huzidisha adha hiyo. Kwa hiyo taa zetu zimefungwa pembeni, juu ya nguzo ndefu, zikitazama chini.

Kila uwanja wetu una taa nane za LED, kila moja ya wati 200. Jumla ni kilowati 1.6, kwa saa tano, kilowati-saa 8. Nyumba yenye balbu nne za wati 9, zikiwaka saa hizohizo, hutumia 0.18. Gawanyeni wenyewe: watu wanne wanaocheza wanatumia mwanga wa nyumba 44. Na hizi ndizo taa za kubana matumizi! Zile za zamani, za gesi, zilikula wati 400 au zaidi. Tena zikizimwa zilihitaji dakika kadhaa kupoa kabla ya kuwaka upya, hivyo watu waliziacha ziwake hata uwanja ukiwa mtupu. Za LED huwaka papo hapo. Kwetu zimefungamanishwa na muda uliolipiwa: saa ikiisha, giza linaingia, hata mpira ukiwa hewani. Wachezaji hununa, sisi twacheka kimoyomoyo.

Huku mwezi wa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na taa hupumzika. Bukavu jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Taa zenu hazitapata likizo.

Kanuni za Ulaya hudai luksi 500 kwa tenisi ya nje ya mashindano makubwa, na 200 kwa mazoezi. Luksi 500 ndizo zinazotakiwa pia juu ya meza ya kusomea na kuandikia ofisini. Ukali wa mwanga ni uleule. Kinachogharimu ni upana wa eneo. Uwanja wa basketi wa vipimo kamili una mita za mraba 420. Meza ya wanafunzi wanane haifiki hata nne.

Hapo tulibishana usiku kucha. Twakijua chumba kile ambamo wanaojiandaa kwa mtihani wa Taifa husoma kwa tochi ya simu kila umeme unapokatika. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba kijana anayecheza saa moja jioni hayuko mahali pabaya, na hilo hatuwezi kulikana. Hata hivyo tumeamua: fedha za kwanza ni za paneli ya jua, betri na balbu kumi za wati 9 kwa chumba cha kusomea. Kwa saa tano zitatumia kilowati-saa 0.45. Zikibaki fedha, mulikeni nusu ya uwanja, goli moja, taa nne, saa mbili, jioni mbili kwa juma.

Tuandikieni basi chumba kina meza ngapi, paa lake linaelekea wapi, na nani kati yenu atashika ufunguo wa swichi.