Remmy Ongala na Swali la Uhifadhi

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu uhifadhi wa fasihi simulizi, usiandike "kanda hutunza sauti" ukaishia hapo. Toa mfano. Mimi humtumia Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, baadaye akaiongoza Super Matimila. Albamu zake Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992) zilitolewa Uingereza na lebo ya Real World. Alifariki mwaka 2010, ila sauti yake unaisikia leo.

Tazama "Mambo kwa Soksi", wimbo uliohimiza kondomu wakati UKIMWI ukitisha. Redio Tanzania haikuupiga; ukaenea kwa kaseti na kwenye madansi. Hii ni hoja nzito kuliko "husafirishwa kwa urahisi", ambayo kila mtu huiandika.

Kasoro usiiruke: kanda haina hadhira. Fanani jukwaani hurefusha wimbo watu wakichangamka. Kwenye kanda wimbo ni ule ule daima.

Hapa kwetu Hanang tunao mfano mchungu zaidi. Tope la mlima lilipoingia Katesh tarehe 3 Desemba 2023, lilibeba kaseti za Remmy alizoniachia baba. Nyimbo zile nimezipata tena mtandaoni, zote. Tope hilo hilo lilimchukua bibi jirani yetu, aliyekuwa akiwabembeleza wajukuu kwa nyimbo za Kiiraqw. Nyimbo zake hakuna aliyezirekodi.