Waliokatwa Katika Orodha

Amri ya kuondoa mifugo katika Bonde la Kilombero, mwishoni mwa mwaka 2012, haikuhitaji kutaja kabila. Hapa Ifakara kila mtu alijua itamgusa nani: Msukuma, Mmasai na Mbarbaig. Huyu wa mwisho tumezoea kumwita Mmang'ati, na wachache wetu hujua kwamba jina hilo ni la Kimaasai, maana yake adui.

Ndugu msomaji, Wabarbaig hawakutangatanga kwa kupenda. Malisho yao ya Hanang yalichukuliwa kwa ajili ya mashamba ya ngano ya NAFCO katika miaka ya 1970 na 1980. Wako waliohamia Usangu, na huko nako wafugaji wakaondoshwa mwaka 2006 na 2007 ili kuunusuru Mto Ruaha Mkuu. Bonde letu nalo lilikuwa limeingizwa katika ardhioevu za Ramsar tangu mwaka 2002. Kila mara sababu ilikuwa ya haki: chakula, maji, sheshe na ndege. Kila mara aliyefunga mizigo alikuwa yule yule.

Siwasahau wakulima. Waumini wengi wa msikiti wetu wanalima mpunga, na wako walioamka wakakuta ng'ombe wamemaliza jasho la msimu mzima. Dai lao ni la kweli. Lakini kumdai mtu fidia ni jambo moja, kumfuta ni jingine.

Nasema kufuta kwa sababu nimeliona. Kamati yetu ilipotaka kugawa mchele katika kitongoji kimoja, tulipeleka majina yathibitishwe na ofisi ya kijiji, sharti ambalo mimi kama katibu naliunga mkono, kwani huzuia udanganyifu. Orodha ilirudi kaya za wafugaji zikiwa zimekatwa, na pembeni pameandikwa: wahamiaji. Miongoni mwao alikuwamo bibi mjane anayelea wajukuu wanne, wote waliozaliwa humu bondeni. Ibara ya 17 ya Katiba humpa raia haki ya kuishi popote nchini; ibara ya 13 huikataza mamlaka kumbagua kwa kabila au pahala alipotokea.

Kikaoni mzee mmoja aliuliza kama zaka yaweza kupewa asiyekuwa Muislamu. Imamu alijibu kwamba zaka ina wenyewe, ila sadaka haimfungii jirani yeyote mlango. Tukatoa katika mfuko wa sadaka.

Wafugaji wenyewe wangeweza kuunda shirika lao. Lakini Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, hutaka hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Shirika la mjini lenye mhasibu hulimudu sharti hilo. Kikundi cha akina mama wanaouza maziwa hulipia wapi mkaguzi? Tumewaandikia viongozi wa kijiji tukiomba kaya zile ziingizwe katika daftari la wakazi kabla ya mvua za masika, maana njia ikijaa maji hatutawafikia tena hadi Juni.